Samaki gani na vifaa gani kwa tanki dogo la nyumbani

Kabla hujatoa hela yoyote nakuomba kitu kimoja, usinunue tanki na samaki siku moja. Najua unafika dukani unawaona wanavyong'aa unataka uondoke nao leo leo, ila tanki jipya halina wale bakteria wa kusafisha maji, samaki akijisaidia humo na chakula kikioza inatoka amonia, na amonia inamuunguza matamvua anayopumulia hata kama maji unayaona maangavu kabisa. Mimi wa kwanza niliweka kumi kwenye lita 20 kwa sababu muuzaji alisema watatosha tu, na hawakumaliza wiki. Iliniuma sana, sikujua hata kosa ni nini.

Sasa ukubwa. Wengi wanadhani tanki likiwa dogo zaidi ndo rahisi kwa anayeanza, kumbe maji yakiwa machache yanachafuka haraka na joto linapanda na kushuka ovyo. Lita 60 ni pazuri pa kuanzia, ukibanwa sana basi 40. Ila kumbuka lita 60 ni kilo 60 za maji tupu, ongeza kioo na changarawe unakaribia kilo 80, kwa hiyo meza iwe imara kweli na isiwe karibu na dirisha linalopiga jua, mwani utakusumbua kila siku.

Kwenye vifaa hela yako ipeleke kwenye filta kwanza, mapambo baadaye. Kwa tanki dogo mi napenda filta ya sponji inayosukumwa na pampu ya hewa, ni rahisi, haivuti samaki wadogo, na lile sponji ndo nyumba ya bakteria. Pampu ikikaa chini kuliko maji weka kivalvu kwenye mpira ili umeme ukikatika maji yasirudi nyuma. Ukichukua filta ya mota basi angalia kwenye boksi lita kwa saa, iwe kama mara 4 ya ujazo wa tanki. Filta haizimwi usiku, na sponji usilioshe bombani, klorini ya maji ya bomba inaua wale bakteria na unaweza kuanza upya, lisuuze kwenye ndoo ya maji uliyotoa humo humo ndani ya tanki.

Hita kadiria wati 1 kwa kila lita, samaki wengi wa maji ya joto wanapenda nyuzi 24 hadi 26, na uwe na themomita maana hita zinadanganya. Chumba chako kikikaa kwenye joto hilo mchana na usiku hita huihitaji. Ukitaka kupunguza maji ichomoe kwanza, ikibaki inawaka nje ya maji kioo chake kinapasuka. Taa iwake kwa muda wa masaa 6 mpaka 8 kwa siku, inatosha. Mfuniko ni lazima, samaki wanaruka. Halafu dawa ya kuondoa klorini na vipimo vya maji, hivi viwili watu wanaviruka alafu wanashangaa samaki wanakufa.

Tanki likishajaa maji na filta inazunguka, tupia chakula kidogo kioze, pima kila baada ya siku chache. Kwanza itapanda amonia, halafu nitriti, nayo ni sumu, bakteria wanaitengeneza kutoka kwenye amonia, zote mbili zikirudi 0 na ukaona nitrati, ile ya mwisho isiyo na sumu kali, hapo liko tayari. Kawaida wiki 4 hadi 6. Ukipata kipande cha sponji la zamani toka tanki lenye afya unaokoa muda mwingi sana.

Haya samaki. Swali la kuuliza ni akikomaa anafika wapi, siyo leo yukoje. Samaki wa dhahabu anapita sentimita 20 na anachafua mno, huyu si wa tanki dogo. Pleko anauzwa akiwa kama kidole eti msafishaji, yule wa kawaida anavuka sentimita 30, na oska naye hivyo hivyo.

Wanaofaa wapo. Beta dume mmoja, mmoja tu, wawili wanauana. Anavuta hewa juu ya maji ndo maana watu wanamfuga kwenye chupa, lakini kuvumilia siyo kuishi vizuri, mpe nafasi na mkondo wa maji uwe wa taratibu. Gapi ni wagumu kufa ila jike anazaa karibu kila mwezi, chukua madume matupu usije ukajaza tanki, na usiwachanganye na beta, ile mikia anaishambulia. Neon tetra wanataka kundi, 6 kwenda juu, wakiwa wawili watatu wanaishi kwa hofu na rangi inafifia. Koridora wale wadogo kabisa nao kundi, na chini weka mchanga laini usiwakwaruze ndevu. Kwa lita 60 mi ningeweka neon 8 na koridora 6, nikianza na kundi moja, la pili baada ya wiki mbili au tatu.

Siku ya kuwaleta elesha mfuko juu ya maji dakika 15 hivi, uongeze maji ya tanki kidogo kidogo, wavue kwa wavu, maji ya mfuko mwaga. Taa zima mpaka kesho yake. Watajificha, waache. Chakula kile cha kuisha ndani ya dakika mbili, na kila wiki badilisha robo ya maji.