Namna ya Kuingia na Kudumu katika Kazi ya Upigaji Midundo wa Okestra

Anayetaka kuishi kwa kupiga ala za midundo katika okestra hana budi kutambua mapema kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kusubiri. Katika Simfonia ya 9 ya mtunzi Dvořák, iliyopigwa kwa mara ya kwanza New York mwaka 1893, matoazi hulia mara moja tu, katika sehemu ya nne, tena si kwa kishindo. Mpigaji hukaa zaidi ya nusu saa akiwasikiliza wenzake, kisha husimama, huyakutanisha matoazi, na kuketi tena. Pigo hilo likiharibika, hakuna la pili la kulifidia. Kwa hiyo maandalizi yote yaelezwayo hapa yana shabaha moja: kumwezesha mtu kutoa sauti anayoikusudia, wakati ule ule inapotakiwa, hata kama mikono yake imekaa bure kwa muda mrefu.

Anza na ngoma ndogo yenye nyuzi za chuma chini yake, kwa sababu ndiyo inayofichua udhaifu wa mkono haraka kuliko ala nyingine yoyote. Nunua jozi moja nzuri ya mikwiro, yaani vijiti vya kupigia, na kibao chenye mpira juu yake. Ngoma yenyewe inaweza kusubiri. Shika mkwiro kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, takribani theluthi moja ya urefu wake kutoka kitakoni, na vidole vitatu vilivyobaki viuzunguke bila kuubana. Uangushe, uuache urudi juu wenyewe. Ukiona haurudi, basi unaukaba. Weka metronomu, kifaa kinachohesabu mwendo wa muziki, kwenye mapigo 60 kwa dakika, piga mkono mmoja baada ya mwingine kwa dakika 10, na ujirekodi kwa simu. Utakaposikiliza, jiulize kama mtu asiyekuona angeweza kutofautisha mkono wa kulia na wa kushoto. Kwa miezi mingi ya mwanzo jibu litakuwa ndiyo, na hilo lisikukatishe tamaa.

Mikono ikitulia, chukua Boléro, muziki wa okestra wa mtunzi Ravel, wa mwaka 1928. Mdundo wake wa ngoma ndogo hurudiwa mara 169, kwa muda wa takribani robo saa, ukianza kwa sauti ndogo kabisa na kuishia kwa kelele ya okestra nzima. Wapigaji wengi huanza karibu na ukingo wa ngoma, ambako sauti ni nyembamba, na kusogea kidogo kidogo kuelekea katikati kadiri muziki unavyokua. Kosa la kawaida ni kuongeza kasi pamoja na sauti. Dawa yake ni kuufanyia mazoezi mwisho kabla ya mwanzo: piga kwa nguvu zote ukiwa na metronomu, kisha punguza sauti bila kugusa mwendo.

Kwa marimba, zailofoni na glokenspili, ala za vibao vilivyopangwa kama funguo za piano, nitasema tu kwamba jifunze kusoma nota vizuri kama mpiga piano, na uzoee kushika mikwiro minne, miwili kila mkono. Msomaji aliyekulia Buganda akipiga amadinda, ala ya vibao vya mbao ambayo watu watatu huipiga pamoja wakipachika mapigo yao kati ya mapigo ya wenzao, tayari ana stadi ambayo wanafunzi wengi wa Ulaya huisotea.

Timpani ndizo zinazohitaji maelezo marefu zaidi. Hizi ni ngoma zenye umbo la sufuria, ambazo kila moja hulengwa kwenye sauti maalumu kwa kukanyaga kibati cha mguu, na mara nyingi hulazimu kuzibadilisha wakati okestra inaendelea kupiga katika ufunguo mwingine kabisa. Imba sauti unayoitaka moyoni, inamisha sikio karibu na ngozi, igonge kwa ncha ya kidole kwa upole kiasi cha kutosikika na jirani yako, kisha panda kutoka chini hadi uifikie. Uskoti, mwalimu Ron Forbes alimfundisha mwanafunzi wake Evelyn Glennie njia nyingine: aweke mikono ukutani wakati timpani zikipigwa, atambue ni sehemu gani ya mwili inayotetemeka kwa sauti ya juu na ipi kwa ya chini. Glennie, aliyezaliwa mwaka 1965, alianza kupoteza usikivu akiwa na miaka 8, na kufikia miaka 12 alikuwa kiziwi kwa kiwango kikubwa. Chuo cha Royal Academy of Music cha London kilimkataa kwanza. Alikihoji, akakubaliwa, akahitimu mwaka 1985. Baadaye aliishi kwa kupiga midundo kama mpigaji wa pekee anayesimama mbele ya okestra, kazi ambayo karibu haikuwapo, na ilimbidi kuwaagiza watunzi wamwandikie muziki. Sishauri mtu yeyote aanze na ndoto hiyo, ila nashauri kila mtu ajaribu zoezi la ukutani.

Kuhesabu vimya, yaani vipimo vya muziki ambavyo hupigi kitu, nako ni stadi inayofanyiwa mazoezi. Hesabu hivi: moja-mbili-tatu-nne, mbili-mbili-tatu-nne, tatu-mbili-tatu-nne, ili neno la kwanza likuonyeshe umefika kipimo cha ngapi. Niliwahi kuhesabu vipimo 48 kwa vidole tu, nikaingia na pembetatu ya chuma kipimo kizima kabla ya wakati. Kiongozi aliteremsha fimbo yake, na watu 60 wakageuka kunitazama. Tangu siku hiyo huandika kwa penseli kwenye karatasi yangu ala itakayoimba kabla yangu, kwa mfano “obo, kisha mimi”.

Katika majaribio ya kupata nafasi, okestra nyingi humweka mwombaji nyuma ya pazia, na wasaili husikia sauti tu. Watakuomba vipande vifupi vinavyojulikana, kama vile zailofoni ya mwanzo wa opera Porgy and Bess ya Gershwin, na kila kipande huenda kikachukua chini ya dakika moja. Usijiandae kwa kuvirudia mikono ikiwa imeshapata moto. Toka nje, tembea, kunywa maji, rudi, piga mara moja tu, na ujihukumu kwa mara hiyo.

Ukishapata nafasi, au hata kazi za siku moja moja ambazo wengi wetu huanza nazo pamoja na kufundisha, linda masikio kwa vizibo, kwani huenda tarumbeta zikawa mbele yako moja kwa moja, na jifunze kubeba mizigo bila kuumiza mgongo. Fika ukumbini saa nzima kabla ya wengine. Ngozi ya ndama hulegea penye unyevu na kukaza chini ya joto la taa, hivyo timpani ulizozilenga saa kumi jioni hazitakuwa zile zile taa zitakapowashwa saa mbili usiku.