Brussels: zunguka uzio kwanza
Ukifika Brussels, usiishie Grand-Place, uwanja mkuu wa kale wa jiji. Panda mpaka Petit Sablon, bustani ndogo iliyofunguliwa 1890. Kuingia ni bure. Usikimbilie benchi. Zunguka kwanza uzio wake taratibu, ukiangalia juu: kwenye nguzo kuna visanamu 48 vya shaba, kila kimoja ni mtu wa kazi fulani ya zamani, na kifaa chake mkononi. Kama uko na watoto, waache wabahatishe nani alikuwa fundi wa nini. Mimi hapo huwa sichoki, saa nzima hukatika.

Zile sanamu mbili kubwa juu ya chemchemi ya bustani ni za Egmont na Hoorn, makabaila waliopinga utawala wa Hispania, waliokatwa vichwa mwaka 1568, palepale Grand-Place ulikotoka.