Kabla ya Kupaka Tairi Dawa ya Kung'arisha

Gari likishaoshwa likatakata, matairi yaliyopauka hulifanya lionekane kama kazi imeachwa katikati. Hapo ndipo chupa ya dawa ya tairi inapotafutwa, na hapo ndipo haraka inapoharibu mambo. Kupaka kwenyewe ni shughuli ya dakika chache. Kama weusi utakaa au utarukia milango safari ya kwanza, hilo huamuliwa kabla kifuniko hakijafunguliwa.

Litazame tairi kwanza likiwa safi, kavu, bila kitu juu yake, kwa sababu dawa huficha. Tafuta nyufa ubavuni, msumari, mikato, na hasa uvimbe. Ubavu uliovimba mara nyingi ni dalili kwamba nyuzi za ndani zimekatika. Tairi la namna hiyo hubadilishwa, haling'arishwi. Tafuta pia namba inayoanza na herufi DOT. Tarakimu 4 za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Halafu angalia kashata, yaani vile vipande vya mpira vilivyochongwa vinavyokanyaga barabara. Nchi nyingi zimeweka kikomo cha kina kuwa milimita 1.6, na ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vinavyokuonyesha umefika hapo: kashata zikilingana navyo, tairi limekwisha. Hakuna dawa inayomrudishia mtu mpira uliochoka. Ndiyo maana tairi lililotumika likiuzwa linameremeta kupita kiasi, mimi hutaka lifutwe kwanza ndipo tuzungumze bei.

Kuna ule ukahawia unaojitokeza ubavuni hata kwa gari lisilokanyaga tope. Wengi huudhani ni uchafu, na kwa sehemu ni uchafu kweli, lakini chanzo chake kiko ndani ya tairi lenyewe. Mpira huchanganywa na kaboni nyeusi, ambayo huuimarisha, huupa rangi na kuukinga na jua. Huchanganywa pia na nta na kemikali za kuzuia ozoni, ile gesi iliyomo hewani inayoupasua mpira. Tairi likizunguka na kujikunja, vitu hivyo husogea polepole hadi juu na kutanda utando mwembamba. Kemikali hizo zikikutana na hewa hubadilika zikawa kahawia. Kwa maneno mengine, tairi linajilinda. Ila utando huo, ukichanganyika na vumbi na mabaki ya dawa ya zamani, hauachi dawa mpya ishike. Ukipaka juu yake, umeupaka utando na si mpira.

Kwenye kuchagua, usianze na picha iliyo kwenye chupa. Anza na kilichoyeyushia dawa. Ziko zenye asili ya maji, ambazo kwa kawaida ni nyeupe kama maziwa, hazina harufu kali, na huacha weusi uliotulia bila mng'ao wa kupiga kelele. Hazinati sana vumbi, lakini mvua na sabuni huziondoa mapema. Na ziko zenye viyeyushi vya jamii ya petroli, mara nyingi nzito na angavu, zenye harufu ya kupanda puani. Hizi hung'aa kama tairi limeloa na hudumu zaidi. Gharama yake ni vumbi linaloganda na matone yanayorushwa kwenye bodi. Soma lebo: onyo la kushika moto kwa kawaida hukwambia uko upande gani. Silikoni, kile kiungo kinacholeta mng'ao, imesingiziwa mengi, lakini iko katika jamii zote mbili, na si yenyewe ya kuogopwa. Kinachosumbua zaidi ni viyeyushi na wingi wa kupaka. Kwa gari la kila siku ningechukua yenye maji, nikubali kuirudia mara kwa mara.

Dizeli, oili chafu na mafuta ya breki visikaribie kazi hii hata kama mtu anaapa kwamba huvitumia miaka yote. Mafuta ya jamii ya petroli, kama dizeli na oili, huuvimbisha na kuulainisha mpira, na mafuta ya breki hubabua rangi ya gari. Na kama gari liko karibu kupigwa rangi, ahirisha dawa kabisa. Ukungu wa silikoni ukitua kwenye bodi, rangi mpya hukataa kushika na kuacha vishimo vidogo, na fundi wa rangi ataumiza kichwa akitafuta kosa liko wapi.

Vifaa havina makuu: ndoo, brashi ngumu ya tairi peke yake, sabuni ya tairi au sabuni nyingine yenye nguvu isiyo na asidi, glavu, sponji ya kupakia na vitambaa viwili. Kivuli ni muhimu, na rimu ziwe zimepoa. Sugua ubavu wote, ukipita kwenye maandishi na mikunjo, suuza, kisha sugua tena. Povu la kwanza hutoka kahawia. Endelea mpaka litoke jeupe. Ukimwaga maji yakaviringika kama matone juu ya mpira, dawa ya zamani bado ipo. Hatua ya kukausha ndiyo inayorukwa kuliko zote, na maji yaliyojificha kwenye herufi za ubavuni ndiyo huacha mabaka.

Weka dawa kwenye sponji, hata kama chupa ni ya kupulizia. Ukipulizia moja kwa moja kuelekea gurudumu, ukungu hupenya kati ya spoku na kutua kwenye disiki ya breki, na disiki yenye mafuta haishiki. Kwa sababu hiyohiyo ya usalama, usiguse sehemu yenye kashata inayokanyaga lami. Pikipiki isipakwe kabisa, maana ikilala kwenye kona hukanyaga karibu na ubavu. Paka utando mwembamba, ungoje muda uliotajwa kwenye lebo, mara nyingi dakika 10 hadi 15, kisha futa ziada kwa kitambaa kikavu. Ukitaka weusi zaidi, rudia utando mwembamba wa pili. Mmoja mnene hautafanya kazi hiyo. Sogeza gari kidogo ili upate kile kipande cha chini kilichobonyea.

Kabla ya kuondoka, pitisha kitambaa cheupe ubavuni. Kikitoka na unyevu, bado. Matone meusi yakionekana nyuma ya madigadi baada ya safari, yaoshe kwa sabuni siku hiyohiyo kabla jua halijayakausha. Sponji ya tairi isirudi tena kwenye rangi ya gari, na vitambaa vyenye dawa ya petroli vianikwe vimetandazwa nje, visirundikwe ndani ya buti.