Kubadilisha betri ya pikapu nyumbani: mwongozo kwa wenye magari wa Tanga

Katika mji kama Tanga, ambako upepo wa bahari huingiza chumvi hadi chini ya boneti na joto halipungui sana hata usiku, betri ya pikapu hushambuliwa kutoka pande mbili: joto huharakisha kuchakaa kwa sahani za risasi zilizo ndani, na chumvi ikichanganyika na unyevu hula vibano vya nyaya vilivyo nje. Kwa hiyo kabla ya kwenda Ngamiani kutafuta betri mpya, hakikisha kwanza kwamba iliyochoka ni betri yenyewe, kwa maana gari linalogoma kuwaka asubuhi mara nyingi huwa na kasoro ya vibano tu.

Pima kwa mita ya umeme baada ya gari kulala bila kuwashwa. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma karibu 12.6, ikisoma 12.2 imebakiwa na nusu hivi ya chaji, na ikiwa chini ya 12 imeisha. Betri iliyoisha chaji, hata hivyo, si lazima iwe imekufa, kwani huenda taa iliachwa ikiwaka. Ichajiwe hadi ijae, kisha mtu mmoja apige stata huku mwingine akiangalia mita: volti zikiporomoka chini ya 9.6 wakati stata inazunguka, betri hiyo haifai tena. Na kama vibano vimeota unga mweupe au wa kijani, visafishwe kabla ya hukumu yoyote, kwa sababu unga huo huzuia umeme kupita hata betri ikiwa nzima.

Katika kununua, soma maandishi yaliyo juu ya betri ya zamani. Pikapu nyingi za dizeli hutumia ukubwa unaojulikana madukani kama N70, lakini ukubwa peke yake hautoshi. Angalia kichwa cha chanya kiko upande gani, kwa kuwa betri mbili zinazolingana kwa kila kipimo zaweza kupishana kwa hilo, na ukichukua isiyo yako utakuta waya mmoja haufiki au, vibaya zaidi, unavutwa hadi kugusa bodi. Angalia pia tarehe ya kutengenezwa, kisha muombe muuzaji aipime mbele yako. Betri iliyokaa dukani miezi mingi hupoteza chaji na kuharibika ikiwa bado mpya, na punguzo la bei halifidii hasara hiyo. Ukikuta pikapu yako ina betri mbili, mpe kazi hii fundi umeme, kwani baadhi huunganishwa ili kutoa volti 24 na kosa dogo huunguza vifaa vya bei kubwa.

Kazi yenyewe huhitaji spana, mara nyingi namba 10 na 12, brashi ya waya, glovu na miwani ya kukinga macho. Egesha mahali tambarare penye hewa, zima kila kitu, chomoa ufunguo, vuta breki ya mkono, na asiwepo anayevuta sigara karibu, kwa kuwa betri hutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka kwa cheche moja. Kama redio yako hudai namba ya siri baada ya kukatiwa umeme, iwe mkononi mapema. Vua pia pete na saa ya chuma.

Waya wa hasi ndio unaotangulia kufunguliwa. Bodi nzima ya gari imeunganishwa na hasi. Ukianza na chanya, spana ikiteleza na kugusa bodi, umeme wote wa betri utapita kwenye spana hiyo, nayo itapata moto na kutoa cheche mkononi mwako. Hasi ikishatoka, hatari hiyo haipo tena. Baada ya hapo fungua chanya, kisha chuma kinachoishikilia betri, uinyanyue ikiwa wima bila kuilaza. Betri ya ukubwa huu hukaribia kilo 20, hivyo kwa pikapu iliyoinuliwa ni vyema mkawa wawili. Asidi ikimrukia mtu machoni, aoshwe kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au zaidi, kisha apelekwe Bombo au hospitali iliyo karibu bila kusubiri uwekundu uonekane.

Trei ikiwa tupu, safisha kutu na chumvi. Magadi yaliyoyeyushwa katika maji huua asidi iliyomwagika. Suuza kwa maji safi na uache pakauke kabisa. Sugua vibano kwa brashi hadi madini yang'ae.

Weka betri mpya na kaza chuma chake kiasi cha kutotikisika, bila kupasua gamba. Wasiojali hatua hii wakipita njia za mashamba huua betri mapema, kwani mtikisiko huvunja sahani za ndani. Sasa mpangilio unageuka: chanya hufungwa kwanza, hasi mwisho. Cheche ndogo katika kugusisha hasi isikushtue. Ukishakaza, paka grisi nyembamba juu ya vibano. Kwa wakazi wa Raskazone na kwingine karibu na maji, iangaliwe tena kila baada ya miezi michache.

Washa injini na upime tena kwenye vichwa vya betri. Usomaji wa kati ya volti 13.8 na 14.4 waonyesha kwamba alteneta inachaji. Ukibaki kwenye 12 na kitu, betri mpya nayo itaisha, na gari liende kwa fundi umeme. Betri ya zamani irudishwe kwa muuzaji au mnunuzi wa betri chakavu ikiwa na asidi yake ndani. Isimwagwe uani wala kuachwa watoto wanakoweza kuichezea, kwa sababu risasi ni sumu.