Intaneti imekata, imekatia wapi? Maneno ya mtandao kwa anayeanza

Mtu akinipigia akaniambia intaneti imekata huwa namuuliza kitu kimoja tu, imekatia wapi, na karibu kila mara panakuwa kimya. Hajui kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kati ya simu yake na huko nje kuna vituo kadhaa na kila kituo kina jina lake. Ukiyajua hayo majina unajua pa kutafuta tatizo, usipoyajua unauziwa vitu. Shangazi yangu aliuziwa rauta mpya na fundi mmoja wakati ile ya zamani ilikuwa nzima kabisa, bando tu ndo lilikuwa limeisha, iliniuma sana. Kwa hiyo leo twende kituo kwa kituo, shika simu au laptopu yako ufuate.

Kituo cha kwanza ni waifai, na hapa ndo watu wengi wanachanganya: waifai sio intaneti. Waifai ni mawimbi ya redio kati ya simu yako na rauta iliyoko sebuleni, basi. Vile vimistari vinakuonyesha unavyoisikia rauta, havisemi chochote kuhusu kilichoko nyuma ya rauta, ndo maana unaweza kuwa na vimistari vyote na hakuna kinachofunguka. Halafu rauta nyingi siku hizi zinatoa waifai mbili, moja ya GHz 2.4 na nyingine ya GHz 5. Ya 5 ina kasi zaidi ila inachoka haraka ikikutana na kuta, na nyumba zetu hizi za tofali za saruji ukiwa chumba cha nyuma we tumia ya 2.4 tu.

Rauta yenyewe kazi yake ni kugawa, yaani laini moja inayoingia ndani inagawiwa simu zote, tivii na laptopu. Modemu ndo inayoongea na kampuni inayokuuzia intaneti. Zamani vilikuwa vifaa viwili, sasa hivi mara nyingi vinakaa kwenye boksi moja kwa hiyo usihangaike kutafuta cha pili.

Sasa IP adresi, hii tukae nayo kidogo. Kila kifaa kikiunganishwa kinapewa namba na rauta ili data ijue inarudi kwa nani. Kwenye simu ingia mipangilio, waifai, gusa jina la mtandao uliounganishwa nao utaiona. Kwenye Windows andika cmd pale kwenye kutafuta, ikifunguka andika ipconfig kisha bonyeza enter. Mara nyingi utaona kitu kama 192.168.1.5, na chini yake kuna default gateway, mara nyingi 192.168.1.1, hiyo ndo namba ya rauta yako, iandike pembeni tutaihitaji. Watu wanashtuka wakiona jirani naye ana 192.168.1.5 wanadhani kaingiliwa mtandao, hapana, chumba namba 5 kipo karibu kila gesti na wageni hawagombani. Namba hizi ni za ndani ya nyumba tu. Huko nje nyumba nzima mnaonekana kwa namba moja nyingine ambayo rauta inapewa na kampuni, na hata hiyo mara nyingi kampuni inaigawa kwa wateja wengi, kwa sababu IP za mtindo huu wa zamani, IPv4, jumla yake ni kama bilioni 4.3 tu na vifaa duniani ni vingi kuliko hapo.

Ukiona IP yako inaanza na 169.254 umeshapata jibu: kompyuta iliomba namba, haikujibiwa, ikaamua kujipa yenyewe. Kazi ya kugawa namba inaitwa DHCP, na hapo rauta imeshindwa kuifanya. Zima rauta kwenye umeme, subiri kama dakika moja, washa tena.

Kama IP iko sawa tunaenda kwenye ping. Ping ni sawa na kupiga hodi, unatuma kaujumbe kadogo halafu unapima kamechukua muda gani kurudi. Palepale kwenye cmd andika ping 192.168.1.1, au ile namba uliyoiandika pembeni. Ikijibu, wewe na rauta mko vizuri. Kama huna kompyuta, andika namba hiyo kwenye brauza ya simu, ukurasa wa rauta ukifunguka ni hivyohivyo. Halafu andika ping 8.8.8.8, hii ni seva ya Google, yaani kompyuta yao iliyoko nje. Rauta ikijibu na 8.8.8.8 isijibu, kwa kawaida tatizo liko kwenye laini au bando, hapo ndo pa kuipigia kampuni, na uwaambie hivyohivyo kwamba rauta inajibu ila nje hapatoki, watakuelewa haraka.

Jibu la ping linakuja kwa milisekunde, elfu moja ndo sekunde moja. Makumi ni vizuri, ikikaa kwenye 400 au 500 mfululizo simu ya video utaongea mwenzio akakusikia baadaye. Kabla ya 2009 huku kwetu tulitegemea setilaiti zilizoko kama kilomita 36,000 juu, ujumbe kwenda na kurudi peke yake ulikula nusu sekunde na zaidi hata kama laini ni ya gharama kubwa. Ilipofika kebo ya baharini ya SEACOM mwaka huo, Dar na Mombasa, kisha EASSy mwaka 2010, muda huo ukashuka sana. Na Mei 2024 kebo hizohizo mbili zilipopata hitilafu kwa pamoja watu walizima na kuwasha rauta siku nzima, wakati rauta ilikuwa inajibu vizuri tu, kidonda kilikuwa baharini.

Kituo kinachosahaulika sana ni DNS. Kompyuta zinatafutana kwa namba, ila sisi tunaandika majina, sasa DNS ndo inayogeuza jina kuwa namba, kama unavyogusa "Mama" kwenye simu bila kukumbuka namba yake. Ikigoma utaona jambo la ajabu: 8.8.8.8 inajibu ping lakini tovuti yoyote ukiiandika haifunguki. Ingia mipangilio ya waifai yako, sehemu ya DNS weka 8.8.8.8 au 1.1.1.1, zote mbili ni seva za DNS, jaribu tena.

Kuna jingine linalokula hela za watu, Mbps. Hiyo b ndogo ni biti, na mafaili tunayapima kwa baiti, baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo ukinunua Mbps 10 usitegemee MB 10 kwa sekunde, gawa kwa 8 upate 1.25, muvi ya MB 700 itachukua dakika 9 na kidogo mambo yakienda vizuri. Na Mbps ni kasi, GB za bando ni ujazo, bando kubwa haliifanyi laini iende haraka.

La mwisho, kuzima na kuwasha rauta sio sawa na ku-reset. Kale katundu kadogo nyuma kanakobonyezwa kwa pini kanafuta kila kitu, jina la waifai, paswedi, na pengine hata mipangilio ya kampuni ambayo bila hiyo rauta haiunganiki tena. Mtu akikwambia bonyeza hapo, kwanza fungua ukurasa wa rauta kwenye brauza upige picha kila kilichoandikwa, hasa sehemu ya WAN, yaani upande unaounganisha rauta na kampuni, ndo ubonyeze.