Uzi umejaa uvunguni na roho inakusuta: anzia hapa

Unaingia chumbani kuchukua kitu kingine kabisa, mlango wa kabati unagoma kufunga maana mfuko wa uzi umetokeza, unausukuma na goti alafu unatoka haraka haraka kama umeonana na mtu anayekudai. Yani uzi, kitu kisicho na mdomo, kinakufanya ujione mwizi kwenye nyumba yako mwenyewe.

Mi nafuma, nashona kroshia, kuna kipindi nikaingia kwenye kutarizi, afu shanga, afu rangi, na kila nikianza kitu kipya nilikuwa nanunua vifaa vyote kabla hata sijajua kama nakipenda. Nimeshajaribu ile njia ya kumwaga kila kitu katikati ya chumba uamue kimoja kimoja. Usifanye hivo. Utafika saa sita usiku umekaa juu ya vitambaa, mgongo unauma, na ulichotoa ni zipu moja mbovu.

Nilichokuja kugundua baadae ni kwamba ile hatia haijasambaa sawa. Donge la uzi wa kawaida halimsuti mtu. Kuna vitu vichache tu mle ndani ndo vinauma, na hivo vichache vinaambukiza boksi zima mpaka unaona lote ni kosa. Kwa hiyo usianze na kupunguza, anza na kuvisaka hivo.

Unavisakaje sasa. Fungua boksi moja baada ya jingine, bila mfuko wa kutupia pembeni na bila kupanga chochote, shika kitu, kitazame, kirudishe. Vingi vitapita kimya. Ukifika kwenye chenye shida utajua tu, jicho linakwepa, au unaanza kujieleza peke yako, "hiki nitakimalizia mwezi ujao nikipata nafasi", na hakuna aliyekuuliza. Hapo hapo kitoe, weka kitandani. Mi nilikuwa na maboksi manne na mfuko mmoja mkubwa ambao hata zipu haikufunga, vilivyotoka ni saba. Saba! Miaka yote hiyo nalala juu ya hatia ya vitu saba.

Ukishavipanga kitandani utaona havifanani, na dawa yake haifanani.

Vya kwanza ni vile vya hela. Ule uzi wa ghali uliojipa moyo ukaununua, kitambaa kizuri ambacho kila ukitaka kukikata mkono unakuwa mzito. Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, Hal Arkes na Catherine Blumer, walichapisha utafiti ambao ndani yake watu waliuziwa tiketi za msimu mzima wa maigizo, wengine wakalipa bei kamili na wengine wakapewa punguzo bila kutegemea. Waliolipa bei kamili walihudhuria zaidi, ila nusu ya kwanza tu ya msimu, baadae ile tofauti ikafifia. Mi nikisoma hapo naona kabati langu: bei inakusukuma mwanzoni, baada ya muda haikusukumi tena kufanya kitu, inabaki kukuuma tu. Hela ilitoka siku ile kwenye kaunta, kuuficha uzi uvunguni hakuirudishi.

Kwa hiyo kama ni uzi, uanze wiki hii, tena kwa kitu kidogo, kofia au skafu, maana uzi ukikosea unafumua unaanza upya, kosa halikugharimu zaidi ya jioni moja (isipokuwa ule wenye manyoya marefu, mohea na ndugu zake, huo ukifumua unajinasa, ufume taratibu). Kitambaa ndo kesi nyingine, ukikikata umekikata, kwa hiyo shona kwanza ya majaribio kwa shuka kuukuu, ikikukaa vizuri ndo unashika mkasi. Na kama hata baada ya kusoma hivi bado hutaki kukigusa, basi labda ulichokuwa unataka ni kuwa nacho tu, kukitazama. Ruksa. Kitoe uvunguni kiweke sehemu unapokiona, donge zuri la uzi kwenye bakuli mezani sio dhambi.

Vya pili ni vya mtu, na hivi ndo vizito kweli kweli. Ulimuahidi mtu, ukaanza, ukaishia njiani. Mi nilianza blanketi la mtoto wa dada yangu akiwa bado tumboni. Huyo mtoto sasa hivi anaenda shule mwenyewe na begi lake. Blanketi lina upana kamili na urefu wa kama mkono wangu, na kila dada akija kunitembelea nilikuwa nahakikisha mlango wa chumba umefungwa, kama vile atanusa.

Hapa kuna mambo mawili tu, chagua moja. Ama unapunguza ukubwa wa ahadi, blanketi linakuwa kijiblanketi cha mwanasesere au foronya ya mto mdogo, unafunga kingo wiki hiyo hiyo na unapeleka. Ama unamwambia mhusika, kwa mdomo, sentensi moja. Mi nilimwambia, "dada, lile blanketi la mwanao halitaisha, nilishindwa." Akaniuliza, "blanketi gani?" Jamani. Miaka yote ile. Hakuwa hata anakumbuka, nilikuwa nimebeba deni ambalo mwenye kudai alishalichana zamani. Sikwambii kila mtu atasahau, mwingine anaweza kununa kidogo, ila kununa kunaisha na ile hofu ya mlango ilikuwa haiishi.

Kama aliyeahidiwa ameshafariki ni tofauti, usikimbilie kukifumua. Weka peke yake, kwenye mfuko safi, mbali na vifaa vingine, maana hicho sio kifaa tena, ni kumbukumbu. Ukiking'ang'aniza kukaa na uzi wa kawaida, kila ukitafuta rangi ya bluu unakutana na msiba.

Vya tatu ni vya yule wewe ambaye hukuwa. Mi ni rezini (yale majimaji mazito unayomimina kwenye umbo yakaganda kama kioo) na vifinyango vyake, yaani hayo maumbo ya kumiminia, nilinunua baada ya kuangalia video tatu usiku. Sijawahi hata kufungua chupa. Hapa hakuna haja ya kukaa kikao: hukuwa mtu wa rezini, basi. Ukigawa, gawa kifurushi kizima, vifinyango, glavu, vijiti vya kukorogea, vyote kwa mtu mmoja, maana ukimpa mtu nusu ya vifaa umemhamishia tu hatia, na yeye ataenda kununua nusu nyingine ikae uvunguni kwake.

Na kabla hujampa mtu yeyote chochote angalia kama bado kizima. Hapa watu wengi hawajui, vifaa vingi vya ufundi vinakufa. Rezini ina muda wake, huwa umeandikwa kwenye chupa, ikishapita inaweza isigande vizuri au igande ya njano. Gundi ile ya kukauka sekunde ukishaifungua haina maisha marefu. Rangi za akriliki zikishakauka kwenye chupa zimekwisha, hakuna maji ya kuzifufua, wakati rangi za maji zile za vidonge hata zikikaa miaka unazilowesha zinaamka. Lastiki ivute, kama inatoa sauti ya kukatika katika au hairudi, tupa. Uzi wa zamani wa kushonea chukua kipande kama cha urefu wa mkono ukivute kwa ghafla, ukikatika kirahisi usiuweke kwenye cherehani. Shanga za kioo, vifungo, na sindano za chuma zikikaa pakavu, hivyo vitakuzika wewe.

Sufu ina adui wake, nondo. Wale wadogo wanaoruka sio wanaokula, wanaokula ni viwavi wao, na wanapenda vitu vya mnyama, sufu, hariri, manyoya. Pamba na akriliki hawana shida navyo labda viwe vichafu. Kama hujui uzi wako ni wa nini, kata kipande kidogo, kishike na koleo juu ya sinki ukiwashe: sufu inanuka nywele zilizoungua na inajizima yenyewe, pamba inanuka karatasi na kubaki jivu laini, akriliki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Ukikuta dalili, uzi umekatika katika bila sababu, au kuna vijivumbi vimenatana, funga vizuri kwenye plastiki weka kwenye friza, nyuzijoto 18 za sentigredi chini ya sifuri, wiki mbili. Ndio, watu wa nyumbani watauliza. Waambie ni nyama.

Sasa yale maboksi mengine, yaliyobaki kimya. Hayo hayana kosa, ila kama akili inasumbua, yahesabu, maana hatia inapenda sana neno "nyingi" na haipendi namba. Mfano una madonge 60 ya gramu 50, kila moja lina kama mita 110, hiyo ni mita 6,600. Sweta la mtu mzima linakula kama mita 1,000 mpaka 1,500 kutegemea na unene wa uzi na ukubwa wa mtu. Kwa hiyo una sweta kama tano hivi, au sita ukibana. Kama unamaliza sweta moja kwa mwaka, una kazi ya miaka mitano uvunguni. Ni nyingi? Labda. Ila miaka mitano ni kitu unachoweza kukitazama usoni. Wafumaji wanaoongea Kiingereza wana utani wao, wanaiita SABLE, maana yake akiba iliyozidi umri uliobaki wa mwenyewe, na nikuambie, watu wanajisifia nayo. Ukipata namba yako iandike na kalamu nene kwenye kifuniko cha boksi. Mi imenisaidia kuliko sanduku lolote zuri la kupangia, na yale masanduku mazuri ya kupangia kwani nayo si vifaa unavyonunua bila kutumia?

Kuhusu kununua. Sitakwambia uache, maana mwenyewe sijaacha. Ila jua kununua uzi na kufuma uzi ni starehe mbili tofauti, moja inachukua dakika kumi na nyingine inachukua miezi, sasa ukizifanya kwa usawa lazima ghala lijae. Kinachonisaidia ni hiki, nikikipenda kitu nakipiga picha pamoja na lebo, ile yenye namba ya bechi ya rangi, narudi nyumbani. Baada ya wiki mbili nikikumbuka bila kuangalia simu ni rangi gani na nilitaka kufanyia nini, narudi. Mara nyingi nakumbuka rangi, "kufanyia nini" ndo sikumbuki. Picha ziko 41 kwenye simu, hazikai uvunguni.

Lile blanketi nililifumua. Kama na wewe utafumua chako, uzi utatoka umejikunja kama tambi, usiufume hivo hivo, uzungushe kwenye mgongo wa kiti uwe kitanzi kikubwa, ufunge sehemu nne kwa uzi wa rangi nyingine usijivuruge, uloweke kwenye maji ya vuguvugu dakika 20 bila kuusugua, uukamue kwa taulo, uutundike. Ukikauka umenyooka. Wa kwangu umetoka madonge sita, mawili yameshakuwa soksi za kulalia, za kwangu mimi, na mguu mmoja ni mrefu kuliko mwenzake.