Akiki ya buluu: kabla hujalipa na baada ya kuivaa

Hapa dukani wateja huiita "ile ya mawingu". Ni akiki, jiwe la vito, ya buluu iliyopoa, yenye mistari myeupe myembamba kama lesi. Ile inayosifika zaidi inatoka Ysterputs, kusini mwa Namibia. Maji yenye silika, madini yaleyale ya mchanga, yalipenya nyufa za mwamba yakaacha tabaka juu ya tabaka, na mistari unayoiona ndiyo tabaka hizo.

Ukiona buluu ya wino, uliza. Kutia akiki rangi ni kazi ya zamani; mafundi wa Idar-Oberstein, Ujerumani, wanaifanya tangu karne ya 19. Si kosa, mradi muuzaji aseme. Mimi sikuuliza. Nilinunua nyuzi mbili za shanga zake kwa pupa, wiki haikuisha mteja akarudi na kola ya gauni jeupe ina alama za buluu. Nilirudisha pesa na aibu juu.

Siku hizi nasokota pamba kwenye kijiti, nailowesha asetoni ile ya kufutia rangi ya kucha, kisha naizungusha ndani ya tundu la shanga. Ikitoka na buluu, biashara imeisha. Ikitoka safi, bado natazama nyufa kwa lensi, maana kuna rangi ngumu zisizotoka, lakini hujikusanya humo. Viputo vya duara? Hicho ni kioo.

Ugumu wake ni 6.5 hadi 7 kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa mawe kutoka 1 hadi 10, na punje za mchanga zinafika 7. Kwa hiyo usiifute ikiwa na vumbi; suuza kwanza, halafu maji ya uvuguvugu, sabuni ya kipande na mswaki laini. Manukato jipulizie kabla ya kuivaa. Usiichanganye na lulu kwenye kisanduku kimoja, itazikwaruza.

Wazee wa Pwani walioshika pete ya akiki walitaka nyekundu ya Yemen. Hii ya buluu wauzaji wa leo husema hutuliza ulimi wa mwenye hasira. Mimi nauza jiwe, dawa siuzi.

Pete ikikubana, mwambie sonara alitoe jiwe kabla ya kulehemu, kwani moto hulipasua. Akijibu atalifunika tu kwa kitambaa chenye maji, chukua pete yako uende kwingine.